Kisa cha Ghouta: sumu, makombora, na maneno mawili yaliyoandikwa Munyonyo

Juni 2010, kwenye ukumbi wa Munyonyo, Kampala, kando ya ziwa, wajumbe wa nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) walipitisha mambo mawili, moja baada ya jingine. La kwanza: kutumia sumu na gesi za kukaba pumzi katika vita vya ndani ya nchi ni uhalifu wa kivita, kama ilivyokuwa tayari katika vita baina ya mataifa. La pili lilikuwa maana ya uhalifu wa uchokozi: kiongozi kuliamuru jeshi lake liishambulie nchi nyingine kwa namna inayovunja waziwazi Mkataba wa Umoja wa Mataifa.

Agosti 2013 maneno hayo mawili yaligongana. Serikali ya Syria ilishutumiwa kuwaua raia wake kwa gesi ya neva, na Marekani ikaweka manowari zake tayari kuipiga bila idhini ya Baraza la Usalama. Uhalifu wa kwanza wa Munyonyo ulikuwa umetendeka, na dawa iliyopendekezwa ilifanana mno na uhalifu wa pili.

Kisa hicho ndicho tunachokichambua hapa. Msimamo wetu tunauweka mezani mapema ili msomaji aupime anavyosoma: kombora la adhabu, linalorushwa na nchi moja au tatu kwa uamuzi wao wenyewe, haliondoi sumu ghalani. Kilichoondoa sumu nyingi zaidi Syria ni shinikizo la nguvu lililofungwa kwenye sharti linaloweza kutekelezwa, likasimamiwa na wakaguzi. Shinikizo lilipolegea, gesi ilirudi.

Usiku wa tarehe 21

Ghouta ni ukanda wa mashamba na vitongoji unaoizunguka Damascus. Mwaka 2013 sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa waasi, na jeshi la serikali lilikuwa limeizingira. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 2013 roketi ziliangukia Zamalka na Ein Tarma upande wa mashariki, na Moadamiyah upande wa magharibi. Zilikuwa zimebeba sarini, ndiyo hiyo gesi ya neva.

Mhudumu wa afya wa Uganda hahitaji sarini ielezwe kama kitu cha ajabu. Ni ya ukoo mmoja na dawa za kupulizia mimea zinazoleta wagonjwa katika hospitali zetu, awe mkulima aliyepulizia nyanya bila kinga au mtu aliyekunywa kwa kukata tamaa. Sumu zote za ukoo huo hukifunga kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya kazi yake kwisha. Ujumbe usipozimwa, mwili wote hubaki umewashwa: mboni za macho hunywea zikawa kama ncha ya sindano, mate na machozi hutiririka, kifua hujaa majimaji, misuli hutetemeka, degedege huja, na mwisho pumzi hukatika. Tofauti ni nguvu. Sarini huua kwa kiasi kidogo sana, huingia kwa kuvutwa puani, na hufanya kazi kwa dakika.

Tiba pia inajulikana. Mgonjwa huvuliwa nguo zote nje ya wodi, huoshwa kwa maji mengi na sabuni, kisha hupewa atropini: miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, dozi ikiongezwa maradufu kila dakika 5 mpaka kifua kikauke. Kinachotazamwa ni kifua; mboni zinaweza kuchelewa kufunguka hata mgonjwa akiwa amepata nafuu. Kosa kubwa hutokea mlangoni, kabla ya sindano yoyote. Nguo zilizoloa zikiingizwa ndani, wodi yenyewe huanza kutoa sumu na wahudumu huanguka. Ghouta ndivyo ilivyokuwa. Waliokuja kuokoa waliathirika pia.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilieleza kwamba hospitali tatu ilizokuwa ikizisaidia zilipokea wagonjwa wapatao 3,600 katika muda usiofika saa tatu, na 355 kati yao walikufa. Tupige hesabu. Tukichukua kwamba mmoja tu kati ya kumi alikuwa mahututi, hao ni 360. Kila mmoja akihitaji ampuli (vichupa vya sindano) 20 za atropini, kila moja ya miligramu moja, zinatakiwa ampuli 7,200 kabla ya kupambazuka, katika eneo lililozingirwa kwa miezi. Hakuna hospitali ya rufaa tunayoijua yenye akiba ya namna hiyo kwa usiku mmoja.

Jambo moja zaidi la usiku ule halina budi kutajwa. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba joto la hewa lilikuwa likishuka kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri. Hewa ya namna hiyo haipandi juu, hukaa chini. Mvuke wa sarini ni mzito kuliko hewa, ukatiririka ukaingia vyumba vya chini ya ardhi. Na huko chini ndiko familia zilikokuwa zimelala, kwa sababu kwa miezi mingi ndiko walikojificha mizinga. Tabia iliyowaokoa na mabomu ndiyo iliyowaua kwa gesi.

Kujua kwamba imetumika, na kujua nani ameitumia

Kwa bahati, timu ya wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Åke Sellström ilikuwa imefika Damascus tarehe 18 Agosti kuchunguza tuhuma za zamani, ikiwemo ya Khan al-Assal ya mwezi Machi. Hata hivyo iliwachukua hadi tarehe 26 kufika Moadamiyah, na siku hiyo gari lao la mbele lilipigwa risasi na wadunguaji. Walibadilisha gari wakaenda.

Kazi yao inafaa kusomwa na kila afisa wa polisi anayelinda eneo la tukio. Walichukua damu, mkojo na nywele za manusura, na udongo na vipande vya chuma kwenye mashimo ya roketi. Walipima vipenyo: roketi za milimita 140 upande wa Moadamiyah, na nyingine kubwa za milimita 330 upande wa mashariki, ambazo kichwa chake walikadiria kilibeba takriban lita 56. Pale ambapo shimo na alama ya kuingilia ukutani vilikuwa bado safi, walipima uelekeo roketi ilikotoka. Kila sampuli ilifungwa, ikaandikwa, ikatiwa sahihi na kila aliyeipokea, hadi maabara. Ripoti ya tarehe 16 Septemba ilisema ushahidi ni wazi na wa kuridhisha: roketi za kutoka ardhini zenye sarini zilitumika.

Haikusema nani alizirusha. Hawakuwa wameagizwa kusema hivyo. Hati yao iliwaruhusu kuthibitisha matumizi tu, na katika pengo hilo kila serikali ilimimina hesabu zake. Marekani ilitaja vifo 1,429. Wafaransa walisema wamethibitisha angalau 281. Idadi mbili zilizoachana kiasi hicho haziwezi kuwa msingi wa kurusha makombora, hata kama zote zinaelekea ukweli uleule kwamba mamia walikufa.

Ukanda wetu una sababu yake ya kuwa mkali hapa. Tarehe 20 Agosti 1998, wiki mbili baada ya milipuko ya ubalozi Nairobi na Dar es Salaam, Marekani ilikipiga kwa makombora kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, ikidai kilihusika na kemikali za silaha. Ushahidi ulioelezwa hadharani ulikuwa sampuli ya udongo iliyochukuliwa kwa siri. Dai hilo halikuthibitishwa hadi leo, na Sudan ilipoteza kiwanda kilichokuwa tegemeo kubwa la dawa zake. Miaka mitano baadaye Iraki ilivamiwa kwa silaha ambazo hazikupatikana. Anayeuliza uthibitisho kabla ya kombora hamtetei dikteta. Ana kumbukumbu tu.

Tishio lililofanya kazi, na kwa nini

Barack Obama, wakati huo Rais wa Marekani, alikuwa ameutaja mstari wake mwekundu mwaka mmoja nyuma, Agosti 2012: Syria isitumie silaha za kemikali. Baada ya Ghouta alilazimika ama kuufuata ama kuumeza. Tarehe 29 Agosti 2013 Bunge la Uingereza lilikataa hoja ya serikali kwa kura 285 dhidi ya 272. Siku mbili baadaye Obama akasema ataomba ridhaa ya Baraza la Congress. Wakati manowari zikisubiri Mediterania, mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani na Urusi, John Kerry na Sergei Lavrov, walikutana Geneva, na tarehe 14 Septemba wakatoka na mpango: Syria itangaze akiba yake yote, ijiunge na Mkataba wa Silaha za Kemikali, na akiba itolewe nje ya nchi iharibiwe. Baraza la Usalama liliupitisha kwa azimio namba 2118 tarehe 27 Septemba.

Wako wanaosema diplomasia peke yake ilitosha. Hatukubaliani nao. Syria ilikuwa imekaa nje ya mkataba huo tangu ulipoanza kutumika mwaka 1997, na mara ikajiunga katika wiki chache. Hakuna kilichokuwa kimebadilika isipokuwa manowari baharini na Urusi kuona kwamba rafiki yake angepigwa. Asiyekiri hilo hafanyi uchambuzi wa haki.

Lakini tazama namna tishio lile lilivyokuwa. Lilikuwa na mlango wa kutokea. Mtawala aliambiwa afanye nini, kwa tarehe ipi, mbele ya nani. Vifaa vya kutengenezea silaha viharibiwe ifikapo tarehe 1 Novemba 2013, hilo lilitimizwa. Kemikali hatari zaidi ziondoke kabla ya mwisho wa Desemba. Hapo kazi ikachelewa. Barabara kutoka maghala hadi bandari ya Latakia zilipita katikati ya vita. Makontena yalihitaji kinga dhidi ya risasi. Shehena ya kwanza ilipakiwa tarehe 7 Januari 2014, na ya mwisho tarehe 23 Juni, baada ya asilimia 8 iliyobaki kukwama kwa wiki kadhaa kwenye ghala moja ambalo barabara yake haikuwa salama.

Jumla iliyotangazwa ilikuwa takriban tani 1,300. Hakuna nchi iliyokubali sumu kali zaidi ziharibiwe kwenye ardhi yake, hivyo Marekani iliiandaa meli iitwayo Cape Ray, ikafungwa mitambo miwili ya kuozesha kemikali kwa maji moto na dawa za kuzimua. Shehena ilihamishwa kutoka meli hadi meli katika bandari ya Gioia Tauro, Italia, na ikiwa baharini Cape Ray ikazimua takriban tani 600. Ilimaliza tarehe 18 Agosti 2014. Maji machafu yaliyobaki yalipelekwa Ufini na Ujerumani kuchomwa. Hakuna tone lililomwagwa baharini.

Tani 1,300. Hakuna kombora duniani lingeweza kufanya kazi hiyo, na sababu ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya kisiasa. Ukilipiga ghala la sarini hujui ni kiasi gani kitaungua na kiasi gani kitapeperuka. Mwezi Machi 1991 wanajeshi wa Marekani walilipua ghala la Khamisiyah, Iraki, bila kujua kwamba roketi zilizokuwamo zilikuwa na sarini. Baadaye Wizara yao ya Ulinzi ilikadiria kuwa wanajeshi wake wapatao 100,000 huenda walifikiwa na moshi wake. Ndiyo maana mwaka 2017, walipoipiga Syria kweli, Wamarekani walisema wamekwepa kwa makusudi jengo walilodhani linahifadhi sarini. Kombora lililotumwa kwa ajili ya sumu likaiacha sumu mahali pake.

Makombora ya 2017 na 2018

Tarehe 4 Aprili 2017, asubuhi, sarini iliangukia mji wa Khan Shaykhun, ikaua watu zaidi ya 80. Kwa hiyo kuna akiba ambayo haikutangazwa mwaka 2013, au ilitengenezwa upya. Wakaguzi walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba tangazo la Syria lina mapengo, na kila walipouliza, tangazo lilirekebishwa tena. Mlango uliachwa wazi hapo. Azimio 2118 lilitaja hatua chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, yaani vikwazo au nguvu, ikiwa Syria itakiuka, lakini hatua yenyewe ilihitaji kura mpya, na kura mpya ilikutana na kura ya turufu (veto) ya Urusi.

Siku tatu baada ya Khan Shaykhun manowari mbili za Marekani zilirusha makombora 59 ya Tomahawk kwenye uwanja wa ndege za kivita wa Shayrat. Warusi waliokuwa uwanjani walijulishwa kabla. Haikuchukua siku mbili ndege zikaanza kuruka tena kutoka hapo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Aprili 2018, mitungi miwili ya klorini iliangukia Douma. Tarehe 14 Marekani, Uingereza na Ufaransa zikarusha makombora 105 kwenye majengo ya utafiti na maghala karibu na Damascus na Homs.

Linganisha saa na kalenda. Kombora la Shayrat lilichukua siku 3. Ripoti ya wachunguzi waliokuwa na mamlaka ya kumtaja mhusika, iliyosema serikali ya Syria ndiyo, ilitoka Oktoba 2017, zaidi ya miezi sita baadaye. Mwezi uliofuata Urusi ilipiga turufu, na uhai wa jopo hilo la wachunguzi ukakatwa. Kwa Douma, ripoti ya OPCW, shirika linalosimamia Mkataba wa Silaha za Kemikali, iliyolitaja jeshi la anga la Syria ilitoka Januari 2023. Ilithibitisha vifo vya watu 43. Mara zote mbili aliyerusha kombora alikisia sawasawa kuhusu mhusika. Khartoum 1998 alichokisia hakijathibitishwa. Sheria haiwezi kujengwa juu ya kubahatisha.

Kuna swali la klorini, ambalo mara nyingi hupitwa haraka. Klorini ni ileile inayosafisha maji ya mfereji. Nchi hailazimiki kuitangaza kama silaha, kwa hiyo tani 1,300 zilipokuwa zikielekea Latakia, mwezi Aprili 2014, mapipa ya klorini yalikuwa yakidondoshwa Kafr Zita na Talmenes. Ni dhaifu kuliko sarini mara nyingi, na ndiyo maana ilizoeleka. Watu wawili wakifa, dunia haisimami. Mstari mwekundu unaochorwa kwa idadi ya maiti humfundisha muuaji kupunguza dozi.

Je, makombora hayo hayakuzuia chochote? Baada ya Aprili 2018 mashambulizi ya gesi yenye vifo vingi yalikoma. Lakini Ghouta Mashariki ilikuwa imeanguka mwezi huohuo mikononi mwa serikali. Haja yenyewe ya gesi ilikuwa imepungua. Kuitaja sababu moja na kuiacha nyingine ni kujidanganya, na sisi tunaiona ya pili kuwa nzito zaidi.

Sheria, na siku Uganda iliposimama kizimbani

Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza nguvu na hata tishio la nguvu dhidi ya nchi nyingine. Njia zilizoachwa ni mbili: kujilinda ukishambuliwa, au idhini ya Baraza la Usalama. Kwa hiyo hata tishio la 2013, lililozaa matunda, lilikuwa na doa la kisheria, hatulifichi. Kati ya nchi tatu zilizorusha makombora mwaka 2018, Uingereza peke yake ndiyo iliyotoa hoja kamili ya kisheria, mwaka 2013 na tena 2018, kwamba nguvu bila idhini inaruhusiwa kuokoa watu kwa masharti matatu: ushahidi wa maafa makubwa unaokubaliwa na mataifa, kukosekana kabisa kwa njia nyingine, na nguvu kidogo inayotosha, kwa muda mfupi. Hoja hiyo nchi nyingi haziikubali. Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, ambazo Uganda imekuwa mwenyekiti wake tangu mkutano wa Kampala wa Januari 2024, zimeikataa mara kwa mara. Lakini Urusi ilipotaka Baraza liyalaani makombora ya 2018, ilipata kura 3 tu. Ethiopia na Guinea ya Ikweta hazikupigia upande wowote. Côte d'Ivoire ilipinga. Afrika haikuwa na sauti moja.

Uganda ina ujuzi wa pande zote mbili za shilingi hii. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala, na walioishi chini ya Amin hawakuuliza kifungu cha sheria. Ila Nyerere hakudai kwamba nchi ina haki ya kuiondoa serikali ya jirani kwa ubaya wake. Alisimama juu ya uvamizi wa Kagera wa Oktoba 1978. Jeshi lake pia halikurusha kitu usiku likarudi nyumbani. Lilibeba mzigo wa siku zilizofuata, kwa gharama kubwa ya nchi maskini.

Upande wa pili ni hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005. Kongo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Uganda ilijitetea kwamba ilikuwa ikijilinda na waasi waliokuwa wakishambulia kutoka Kongo. Mahakama ilikataa: kuteka viwanja vya ndege na miji mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na kujilinda. Februari 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325, ilipwe kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Nchi kubwa zikirusha makombora bila idhini hazipelekewi bili. Nchi ya ukubwa wetu hupelekewa. Kwa hiyo Mganda anayesema mataifa yana haki ya kupiga kila yanapoona dhambi ajue anaitetea ruhusa ambayo nchi yake imeshatozwa fidia kwa kujipa.

Umoja wa Afrika una kifungu ambacho Umoja wa Mataifa hauna. Ibara ya 4(h) ya sheria yake ya kuanzishwa inaupa haki ya kuingilia nchi mwanachama penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu, kwa uamuzi wa mkutano wa wakuu wa nchi. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama liliidhinisha kikosi cha askari 5,000 kwa ajili ya Burundi. Bujumbura ikakataa, na Januari 2016 wakuu wa nchi wakaamua kutokipeleka. Chombo kipo, mkono wa kukishika ndio uliotetemeka.

Sudan, ambako swali halijafungwa

Tarehe 22 Mei 2025 Marekani ilitangaza kwamba serikali ya Sudan ilitumia silaha za kemikali mwaka 2024, ikaiwekea vikwazo vilivyoanza mwezi uliofuata. Sudan ilikanusha. Kinyume na Syria ya 2013, Sudan ni mwanachama wa Mkataba wa Silaha za Kemikali tangu 1999. Na wakimbizi wa Sudan wako Kiryandongo, umbali wa safari ya basi kutoka Kampala.

Hapa ndipo kisa cha Ghouta kinapotupa kazi. Nchi yoyote mwanachama, hata isiyo na ndege moja ya kivita, inaweza kwa Ibara ya 9 kuomba ufafanuzi kupitia Halmashauri Tendaji ya OPCW, na nchi inayoulizwa inapaswa kujibu ndani ya siku 10. Ukaguzi wa kushtukiza wa ibara hiyohiyo haujawahi kuombwa na nchi yoyote tangu 1997. Tunaona hilo ni aibu ya mataifa yote. Uganda ikiwa mwenyekiti wa Nchi Zisizofungamana ingeweza kuuliza swali la siku 10 bila mtu kuiona kibaraka wa yeyote, na jibu la Khartoum, au ukimya wake, ungekuwa kumbukumbu rasmi.

Kazi ya pili inafanyika kambini, na inaharibika kwa urahisi. Muuguzi anayesikia mgonjwa akisema alikutana na moshi wa ajabu asimuulize, “Ulisikia harufu ya klorini?” Neno hilo likishatamkwa, kila shahidi atakayefuata atalirudia. Aulize, “Ulisikia harufu gani? Ilifanana na nini nyumbani?” Aandike tarehe, saa, mahali, upepo ulikotoka, nani aliumwa kwanza na nani hakuumwa, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe na jina la mkalimani wa Kiarabu. Wapo wanaobeba nguo walizovaa siku ile: zisifuliwe. Ziingizwe kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko, zifungwe kwa utepe wa gundi, ziandikwe tarehe na sahihi ya aliyetoa na aliyepokea. Damu inaweza kuhifadhi alama za sarini kwa wiki kadhaa. Klorini haiachi alama ya kudumu namna hiyo, kwa hiyo kwake ushahidi mkubwa ni mtungi wenyewe, picha na wakati.

Picha na video zichukuliwe kutoka simu ya mwenyewe, faili la asili. Ikishapita WhatsApp, picha hupunguzwa na tarehe na mahali ilipopigwa hufutika, na wakili wa utetezi hatahitaji kusema mengi. Anayehifadhi nakala aiweke mahali pawili, aandike aliipata kwa nani na saa ngapi, na asiirekebishe hata mwanga.